Mkojo kwanza, kidonge baadaye: mwongozo kamili wa UTI sugu kwa mkazi wa Mwanza

"Dokta, naomba dawa ya UTI."

Kaa nusu saa kwenye duka la dawa lolote la mitaani hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, utaisikia sentensi hiyo. UTI ni maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo. Mara nyingi muuzaji haulizi mengi. Anauliza mteja ana shilingi ngapi, anamkatia vidonge vinavyolingana na hela hiyo, anamwambia ameze asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye maumivu yamerudi, na safari hii anabadilishiwa, anapewa "ya nguvu zaidi". Ya tatu huwa sindano. Akija kufika maabara, ameshapitia dawa tatu na mkojo bado unachoma.

Kazi yangu ni kuotesha mkojo. Natandaza tone lake kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, naiacha kwenye joto la mwili usiku kucha. Kikiota kitu, nakipanda upya kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vijikaratasi vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake nasoma. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara safi ambamo hakuna kilichoota. Dawa iliyoshindwa haina duara. Bakteria wameota mpaka kuigusa karatasi. Nazisoma sahani ambazo karatasi nyingi hazina duara, na mwenye mkojo si mtu aliyelazwa miezi miwili. Ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, anatembea kwa miguu yake, ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alijue ni hili: mkojo utoke kabla kidonge hakijaingia. Hata dozi moja ya antibayotiki inaweza kuwazuia bakteria kuota kwenye sahani yangu huku wengine wakiendelea kuishi kwenye kibofu chako. Majibu yatasema hakuna kitu, na wewe bado unaumwa.

Hatua ya 1: Jiulize kama ni UTI kweli

Kwetu homa yoyote ina majina matatu: malaria, taifodi na UTI. Mtu anapima mara moja, anatoka na yote matatu na mfuko wa dawa. Kati ya mwaka 2018 na 2020 mradi wa utafiti uitwao HATUA ulipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI katika Kenya, Uganda na Tanzania, Mwanza ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyohusika. Waliothibitika maabara kuwa na maambukizi walikuwa kama theluthi moja tu. Hao ni watu waliokuwa na dalili kabisa. Maana yake, wengi wanaomeza dawa ya UTI hawana UTI.

Dalili za maambukizi ya kibofu ni mkojo kuchoma unapotoka, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kutoa kidogo, kubanwa ghafla usiweze kuvumilia, na maumivu chini ya kitovu. Uchovu peke yake si UTI. Maumivu ya mgongo ya mtu aliyebeba ndoo za maji tangu alfajiri si UTI. Mkojo wa njano iliyokolea saa nane mchana, siku ya jua kali, mara nyingi ni kiu.

Kama kuna uchafu usio wa kawaida ukeni, au usaha unaotoka kwenye uume, fikiria kwanza magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia. Hayo yana dawa zake, na mwenzi wako lazima atibiwe pia, la sivyo mtaambukizana tena. Muwasho mkali wenye ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda huwa ni fangasi, na antibayotiki huzidisha fangasi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya hautakwambia, na huku kwetu kinapoteza watu wengi. Damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho. Katika vijiji vya ndani vya Misungwi, Kwimba na Magu, ambako watu huoga na kunywesha ng'ombe kwenye malambo au kushinda ndani ya majaruba ya mpunga, kipo kichocho cha kibofu. Kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria wenyewe, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, kilichotawala ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwenye choo kikubwa. Kijana aliyekulia Kwimba akaja mjini kuendesha bodaboda, akikojoa damu mwishoni mwa mkojo, anaweza kumezeshwa antibayotiki mwaka mzima bila nafuu, kwa sababu antibayotiki haiui mnyoo. Dawa yake ni prazikwanteli, inayotolewa kulingana na uzito. Kwa wanawake mayai ya mnyoo huyo huweza kukaa kwenye shingo ya uzazi na kuleta damu na maumivu ambayo watu huyaita UTI sugu au zinaa. Mwambie daktari ulikulia wapi na uliogelea maji gani. Kipimo cha kichocho cha kibofu kinataka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Hatua ya 2: Usingoje ukiwa mmoja wa hawa

Homa yenye kutetemeka, maumivu makali ubavuni chini ya mbavu, kutapika mpaka huwezi kumeza dawa: hayo yanaonyesha maambukizi yamepanda kwenye figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito yeyote mwenye dalili aende kliniki, hata kama zinavumilika. Mtoto mdogo mwenye homa isiyojulikana chanzo apimwe mkojo. Yeye hawezi kukwambia unachoma. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, mtu mwenye kisukari, mwenye mpira wa mkojo, mwanaume yeyote, na anayeshindwa kabisa kukojoa, hawa wote si wa duka la dawa. Wanaume hupata UTI mara chache kuliko wanawake, kwa hiyo ikitokea lazima sababu itafutwe, na kwa mzee sababu hiyo mara nyingi ni tezi dume inayoziba njia.

Hatua ya 3: Kinga mkojo vizuri

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya lawama zinazoletwa maabara zinaanzia chooni. Bakteria wako kwenye ngozi ya kila mtu. Mkojo ukigusa ngozi, nywele au ute kabla ya kuingia kwenye kopo, utaniletea mchanganyiko wa vijidudu vitatu vinne, nami nitaandika "mchanganyiko, rudia kipimo". Umepoteza nauli na siku.

Omba kopo safi la maabara lenye mfuniko, lisilo na vijidudu. Chupa ya soda uliyoiosha haifai, wala ya dawa ya kikohozi. Mkojo wa asubuhi ndio bora kwa kuotesha, au angalau uliokaa kibofuni saa kadhaa. Nawa mikono kwa sabuni. Mwanamke ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, kisha atenganishe mashavu ya uke kwa vidole na kuyaacha yametengana mpaka amalize. Mwanaume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma na kuosha kichwa. Hapo anza kukojoa chooni. Sekunde mbili tatu za mwanzo ziache ziende. Bila kukatisha, ingiza kopo katikati ya mkondo, kinga kiasi cha vidole viwili, toa kopo, malizia chooni. Usiguse ndani ya kopo wala ndani ya mfuniko.

Kwa mtoto wa miaka miwili mitatu, mpe maji anywe, muoshe, kisha mama akae na kopo akisubiri. Mfuko wa kukingia mkojo unaobandikwa kwenye ngozi ya mtoto hukusanya uchafu wa ngozi. Ukionyesha hakuna kitu, amini, lakini ukionyesha vijidudu, inabidi kipimo kirudiwe kwa njia safi.

Mkojo huo ufike maabara ndani ya saa mbili. Ndani ya joto la Mwanza, kwenye mkoba, juu ya daladala iliyokwama Mabatini, bakteria wachache wasio na madhara huzaliana, E. coli mmoja anaweza kugawanyika wawili kwa kila dakika 20 hivi. Wachache wanakuwa laki, na wewe unapewa dawa ya ugonjwa ulioutengeneza njiani. Ukiwa mbali, tuseme unavuka kutoka Sengerema, ni afadhali ukajisaidie palepale hospitali. Ikishindikana, mkojo ukae kwenye friji, usigande, na ufike ndani ya saa 24.

Andika kwenye fomu: una mimba au la, umemeza antibayotiki gani miezi mitatu iliyopita, umewahi kulazwa. Watu huficha dawa walizonunua wenyewe, wakiogopa kufokewa. Sisi hatufoki. Tunataka kujua tu.

Hatua ya 4: Elewa tofauti ya vipimo

Kipimo cha kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kinatafuta dalili za bakteria na za chembe nyeupe za damu. Ni cha haraka na cha bei nafuu, kinasaidia, hakisemi dawa gani itafanya kazi. Kuangalia kwa darubini vilevile. Ukiambiwa "una pasi seli", maana yake chembe za usaha zimeonekana, na chembe hizo zinaweza kutoka ukeni, kutokana na kichocho au zinaa.

Kuotesha ndiko kunakotaja jina la bakteria na dawa inayomfaa. Si kila zahanati inaotesha. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina maabara ya mikrobiolojia, na ukiwa kwenye kituo kidogo uliza kama wana utaratibu wa kupeleka sampuli. Mwanamke kijana, si mjamzito, mwenye UTI ya kwanza na dalili za kibofu tu, daktari anaweza kumtibu bila kuotesha. Wengine wote niliowataja kwenye hatua ya pili, pamoja na yeyote ambaye dawa ya kwanza imeshindwa au ugonjwa umerudi ndani ya miezi michache, waoteshe. Kama pesa ni ya kuchagua kati ya dawa ya tatu ya kubahatisha na kipimo hicho, chagua kipimo. Nasema hivyo nikijua ugumu wa maisha.

Hatua ya 5: Siku mbili au tatu za kusubiri

Bakteria huhitaji usiku mmoja kuota na mwingine kuonyesha usugu. Hakuna njia ya mkato kwenye sahani. Daktari akiona unaumwa sana atakuanzishia dawa baada ya mkojo kutoka, kisha aibadilishe majibu yakija. Hiyo ni sawa kabisa. Kilicho kibaya ni kutorudi kuchukua majibu kwa sababu umepata nafuu. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na kunywa maji.

Hatua ya 6: Soma karatasi ya majibu pamoja na daktari

Juu utaona jina la bakteria. Mara nyingi litakuwa Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo wa mtu, ambaye akipotea njia akaingia kwenye mrija wa mkojo huleta ugonjwa. Mrija wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4 tu na uko jirani na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana wanawake wanaumia zaidi. Imani kwamba UTI huletwa na choo cha kuchangia imewaonea wapangaji wengi: bakteria hao kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Mwingine anayeonekana mara nyingi ni Klebsiella.

Kisha idadi. Desturi ya maabara nyingi ni kuhesabu bakteria 100,000 kwa mililita kuwa kiwango cha maambukizi, ingawa kwa mwenye dalili kali hata idadi ndogo huweza kuhesabiwa. Na kama huna dalili yoyote, bakteria kuonekana kwenye mkojo hakukufanyi mgonjwa. Usitibiwe kwa hilo. Wanaotibiwa bila dalili ni wajawazito, na wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.

Chini yake ndipo ilipo orodha ya dawa na herufi. S ni dawa inayoweza kumuua huyo bakteria. R ni sugu. Hata ukimeza mara mbili, haitasaidia. I ni ya katikati: inaweza kufaa kwa dozi kubwa zaidi, na huo ni uamuzi wa daktari. Watu wakiona S tano wanataka iliyo ghali. Sivyo inavyochaguliwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limegawa antibayotiki makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa uangalifu, na za akiba. Kama nitrofurantoini ni S na ugonjwa uko kibofuni, hiyo ni dawa nzuri sana, na iko kundi la kwanza. Sipro (siprofloksasini) na seftriaksoni, ile sindano ambayo watu huiomba kwa jina, ziko kundi la uangalifu. Meropenemu na zinazofanana nayo ni za hospitali. Zikizoea kutumika mitaani, mgonjwa aliyelazwa mahututi atakosa pa kukimbilia.

Ukiona neno ESBL, jua bakteria wako anatengeneza kimeng'enya kinachozikata penisilini na dawa nyingi za jamii ya seftriaksoni kabla hazijamfikia. Sindano hiyo, hata uichome siku kumi, ni maumivu ya bure.

Hapa niseme usugu unavyozaliwa, kwa lugha ya ziwani. Ukitega nyavu ya aina moja kila siku mahali pamoja, unavua wale inaowaweza, na wanaopenya ndio wanaobaki kuzaana. Mwaka unaofuata ziwa limejaa wanaopenya. Bakteria wana jambo baya zaidi: hupeana siri ya kupenya. Kipande kidogo cha mviringo cha DNA huhama kutoka E. coli kwenda Klebsiella ndani ya utumbo wako, kikibeba usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo amoksilini uliyomeza kwa mafua, ambayo haikuwa na kazi yoyote kwa kirusi cha mafua, iliwachuja bakteria wa utumboni wakabaki walio sugu, na hao ndio wanaokuja kuingia kibofuni miezi miwili baadaye. Athari hiyo ni kubwa miezi ya mwanzo na inaweza kudumu hadi mwaka. Katika utafiti ule wa HATUA, kwa upande wa Tanzania, zaidi ya nusu ya maambukizi yaliyothibitika yalikuwa ya bakteria sugu kwa makundi matatu ya dawa au zaidi.

Hatua ya 7: Meza ilivyoandikwa

Nitrofurantoini humezwa na chakula, mara nyingi kwa siku 5, na itaugeuza mkojo rangi ya chai, usitishike. Haifiki kwenye nyama ya figo kwa kiwango cha kutosha, kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya ubavu asiitegemee. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na mwenye figo dhaifu wasiimeze bila daktari kujua. Fosfomisini ni unga wa gramu 3 unaonywewa mara moja. Sipro inaweza kuumiza kano za misuli, hasa kwa wazee. Ukisikia maumivu nyuma ya kisigino, acha na urudi hospitali.

Kumaliza dozi maana yake ni kumaliza siku ulizoandikiwa. Kuongeza wiki kwa hofu hakukuongezei kupona, kunaongeza bakteria sugu utumboni. Vidonge vikibaki kwa sababu dawa imebadilishwa, virudishe duka la dawa. Usimwekee mdogo wako.

Kwa muuzaji unaweza kusema hivi bila ugomvi: "Shikamoo mama. Daktari ameniandikia siku tano. Leo nina hela ya siku mbili, naomba uniandikie salio nije kesho." Wengi watakuelewa. Nusu dozi inayokwisha Jumatano bila mpango ndiyo inayotuumiza.

Hatua ya 8: Isipopungua, au ikirudi

Baada ya saa 48 za dawa sahihi unapaswa kuona tofauti. Usipoiona, rudi na karatasi yako, usinunue nyingine. Ukipona, huna haja ya kupima tena ili "kuhakikisha", isipokuwa ni mjamzito.

Kwa wanaorudiwa mara kwa mara, maji ni dawa halisi. Jaribio lililochapishwa 2018 liliwafuata kwa mwaka mmoja wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo na kuugua mara kwa mara. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku waliugua karibu nusu ya mara za wenzao. Wauza samaki na mafundi cherehani wanaojizuia kunywa ili wasiende choo cha kulipia, nawaomba mlifikirie hili. Kojoa ukibanwa, kojoa baada ya tendo la ndoa, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na usiingize sabuni, ndimu wala dawa yoyote ndani ya uke.

Karatasi ya majibu ipige picha kwa simu, ikiwa na tarehe. Mama mmoja wa Nyegezi alikuja na karatasi zake tatu zimekunjwa ndani ya daftari la kliniki. Daktari akazipanga mezani kwa tarehe, akaona dawa iliyokuwa S mara ya kwanza imekuwa R mara mbili zilizofuata, akairuka. Majibu ya zamani kama hayo ni ya kumwonyesha daktari. Usiyapeleke dukani kununulia dawa. Mkojo wa leo uoteshwe upya.